Mpime mtu akiwa kazini, si kiti kikiwa kitupu

Ofisi ikishaanza kulalamika shingo, mabega na kiuno, jambo la kwanza linalofanyika mara nyingi ni kununua viti. Hakuna aliyepima chochote, hakuna aliyeuliza nani anaumwa wapi, lakini viti vimeshachaguliwa kwa picha. Miezi michache baadaye maumivu yako palepale na bajeti imekwisha. Tathmini ya vihatarishi vya misuli, mifupa na viungo ipo ili kuzuia hasara hiyo. Zaidi ya hapo, ipo ili mtu asifike mahali ambapo vidole vimekufa ganzi na kikombe kinamponyoka. Vifaa vyake ni vya kawaida kabisa: futi ya kupimia, simu yenye kamera, fomu zilizochapishwa, na subira ya kukaa ukitazama.

Kazi ya kompyuta inaonekana nyepesi, na ndiyo maana wengi hawaamini kwamba inaumiza. Hakuna anayebeba gunia. Shida iko kwenye msuli unaoshikilia kazi ndogo kwa saa nyingi bila kuachia. Chukua ule msuli mpana unaotoka shingoni kwenda begani. Mtu akiinua mabega kidogo tu ili afikie kibodi iliyo juu, msuli huo unatumia sehemu ndogo sana ya nguvu zake, lakini nyuzinyuzi zake hazipokezani zamu sawasawa. Zile ndogo ndizo zinazoitwa kwanza na ndizo zinazoachiwa mwisho. Mwaka 1991 mtafiti wa Uswidi, Göran Hägg, alizifananisha na Cinderella, binti wa hadithini anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Ukiielewa picha hiyo utaelewa kwa nini swali la kwanza ni "amekaa hivyo kwa muda gani bila kubadilika?", na swali la "amekaa vipi?" linafuata nyuma yake.

Basi unapotathmini unatafuta mambo haya kwa pamoja: mkao, muda bila kujinyoosha, mijongeo ya kurudiarudia kama kubofya kipanya, mgandamizo wa ukingo wa meza kwenye kiganja au wa kiti nyuma ya paja, mwanga unaomlazimisha mtu kupinda shingo, shinikizo la kazi yenyewe, na hali ya mtu mwenyewe, yaani umri, majeraha ya zamani, miwani anayovaa. Ukiacha moja, mengine yatakudanganya.

Dodoso kwanza, na tatizo la neno "mkono"

Dodoso la maumivu ya misuli na viungo linalotumika sana duniani ni lile la Nordiki, yaani la nchi za kaskazini mwa Ulaya, lililochapishwa mwaka 1987. Linaugawa mwili sehemu 9: shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono pamoja na viganja, mgongo wa juu, kiuno, nyonga na mapaja, magoti, na vifundo vya miguu pamoja na nyayo. Kwa kila sehemu kuna maswali matatu ya msingi. Umepata tatizo hapo katika miezi 12 iliyopita? Umepata katika siku 7 zilizopita? Je, tatizo hilo limewahi kukuzuia kufanya shughuli zako za kawaida ndani ya miezi hiyo 12?

Hapa Kiswahili kinadai uangalifu wake. "Mkono" kwetu ni kuanzia begani hadi kwenye kucha. "Mguu" vilevile ni kuanzia nyongani hadi kwenye unyayo. Ukimuuliza mtu "unaumwa mkono?" akajibu ndiyo, hujapata kitu, kwa sababu hujui kama ni kiwiko kilichochoshwa na kipanya au ni kiganja chenye neva iliyobanwa. "Mgongo" nao unameza kiuno: anayeumwa kiuno atajibu "ndiyo" kwenye mgongo wa juu na wa chini pia, na ghafla hesabu yako ina wagonjwa wawili mahali pa mmoja. Dawa yake ni mchoro. Weka picha ya mwili ukionekana kwa nyuma, gawa sehemu 9 kwa mistari, zipe namba, kisha mwache aguse au atie alama mwenyewe. Neno lifuate picha.

Neno "maumivu" pia halitoshi. Watu wengi husema "siumwi, ila nakakamaa" au "vidole vinawaka moto usiku". Andika kwenye swali lenyewe: maumivu, kukakamaa, kuwaka moto, kuchoka kusiko kwa kawaida, au ganzi. Ganzi iulizwe kidole kwa kidole. Ikiwa ipo kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, na inamwamsha usiku, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni neva ya katikati inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo inapita kwenye njia nyembamba pamoja na kano 9. Ikiwa ni kidole cha mwisho, angalia kiwiko: huenda anakiegemeza mezani siku nzima.

Baada ya hapo ongeza maswali ya kazi: saa za kompyuta kwa siku, muda mrefu zaidi anaokaa bila kusimama, miaka aliyofanya kazi hiyo, kama anaamua mwenyewe mpangilio wa kazi zake, kama kazi humlundikia, kama mkuu wake na wenzake humsaidia mambo yakizidi. Maswali haya ya mwisho yanapuuzwa na naona ni kosa kubwa. Mtu mwenye kazi nyingi asiye na uamuzi juu yake hukaza mabega, hubofya kwa nguvu, hulipita pumziko. Kiti hakiwezi kumtibu. Uliza pia kuhusu nje ya ofisi: simu ya mkononi usiku, kazi ya pili, kubeba mtoto, michezo, ajali ya zamani.

Jibu la "saa ngapi kwa siku" usiliamini sana. Watu hukadiria muda wa kompyuta kuwa mrefu kuliko ulivyo, na anayeumwa ana sababu zaidi ya kuukuza. Kumbukumbu za kuingia na kutoka kwenye mfumo, au kuhesabu mwenyewe ukiwa unatazama, hukupa namba bora. Kumbuka pia kwamba wale walioumwa zaidi huenda wameshahama kitengo au wameacha kazi, kwa hiyo unaowahoji ni waliobaki, na picha inaonekana nzuri kuliko ukweli. Uliza ofisi ya rasilimali watu nani alihamishwa au aliondoka kwa sababu ya afya.

Kuhusu idadi ya watu wa kuhoji: kama hujui ni wangapi wanaumwa, unachukua asilimia 50 kama makadirio, kosa la asilimia 5, uhakika wa asilimia 95, na fomula ya ukubwa wa sampuli inakupa watu 384. Kwa ofisi ya watu 120, ukirekebisha kwa udogo wa kundi, unabaki na 92. Ukishafika 92 kati ya 120, wamalizie tu wote. Kuwaacha 28 kunazua maneno ofisini.

Kutazama

Kila mtu hunyooka anapojua anatazamwa. Dakika tano au kumi za kwanza ni za maonyesho. Kaa upande wake, si mbele yake, shughulika na karatasi zako, subiri kama dakika 40. Akishazama kwenye kazi, kichwa kitaanza kusogea mbele, mguu mmoja utakunjwa chini ya kiti, na mgongo utaacha kiegemeo. Huo ndio mkao wa kupima.

Omba ruhusa ya picha mapema, na eleza kwamba uso utafichwa na picha haitakwenda kwa mkuu wake. Piga picha kutoka ubavuni, kamera ikiwa kwenye kimo cha kiwiko chake na ikimwelekea moja kwa moja. Ukipiga kwa kushuka kutoka juu au kwa mshazari, pembe ya shingo inabadilika na unapata namba isiyo ya kweli. Kama nguo ni pana, bandika vipande vidogo vya tepu ya rangi mbele ya tundu la sikio, kwenye ncha ya bega, upande wa nje wa kiwiko, kwenye mfupa wa nyonga, gotini na kwenye kifundo cha mguu. Pembe zitasomeka kwa urahisi. Piga tatu au nne kwa nyakati tofauti, kisha piga moja kwa nyuma, maana kichwa kilichogeuzwa kuelekea skrini ya pembeni hakionekani ubavuni.

Futi ya kupimia

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Pima mambo manne kwa mtu akiwa amekaa na viatu vyake vya kazini: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kutoka kwenye kikalio (sehemu ya kiti inayokaliwa) hadi kiwiko kikiwa kimekunjwa digrii 90 na bega limelegea, unene wa paja, na kutoka makalio hadi nyuma ya goti. Kisha pima samani: kimo cha kikalio, kimo cha uso wa meza, unene wa ubao wake, nafasi iliyo chini yake, kina cha kikalio.

Chukua mtu mfupi. Nyuma ya goti ni sentimita 38, kiwiko kiko sentimita 22 juu ya kikalio. Akikaa kiti cha sentimita 38 ili nyayo zitue vizuri, kiwiko chake kiko sentimita 60 kutoka sakafuni. Meza ni 72, kibodi ina unene wa 2, kwa hiyo vidole vinatakiwa kufanya kazi kwenye 74. Pengo ni sentimita 14. Mtu huyu atafanya moja kati ya mambo mawili: atainua mabega siku nzima, au atapandisha kiti hadi 52 na miguu kuning'inia, ukingo wa kiti ukimbana mapaja. Hakuna kiti chochote duniani kitakachomsaidia peke yake. Anahitaji kiti kwenye 52 na kibao cha kuwekea miguu chenye kimo cha sentimita 14.

Hujamaliza. Paja lake lina unene wa 14, kwa hiyo juu ya paja ni 66. Meza ya 72 yenye ubao wa 2.5 inaacha 69.5 chini yake, anaingia vizuri. Lakini kama kuna droo ya kalamu yenye kina cha 8, nafasi inashuka hadi 61.5, na mapaja hayapiti. Ndipo utakapomkuta ameketi mbali na meza, mwili umeinama mbele, mikono imenyooshwa. Ukimtazama tu utaandika "mkao mbaya, aelimishwe". Ukipima utaandika "droo itolewe". Ni bisibisi na dakika kumi. Na kama meza ni ya mtu mmoja na miguu yake ni ya mbao, fundi seremala anaweza kuikata kwa kipimo kamili, hata kibao cha miguu kisihitajike.

Kwa mtu mrefu hesabu inageuka: meza iko chini mno, anainama, na skrini inamvuta kichwa. Huyo meza iinuliwe kwa vipande imara chini ya miguu yake, kisha skrini ifuate. Kina cha kikalio nacho kipimwe: kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Pasipobaki, mtu husogea mbele kuokoa magoti na kiegemeo kinabaki pambo.

Alama

Baada ya kutazama na kupima, unatoa alama. Vifaa viwili vinatosha, na vyote ni fomu za kutolea alama mkao. RULA (Rapid Upper Limb Assessment, yaani tathmini ya haraka ya mikono na sehemu ya juu ya mwili) ilitengenezwa na Lynn McAtamney na Nigel Corlett wa Nottingham, Uingereza, ikachapishwa mwaka 1993. Inapima mkono wa juu, mkono wa chini, kifundo, shingo, kiwiliwili na miguu, upande mmoja kwa mara moja. Kwa mtu wa kompyuta anza na mkono wa kipanya. Mkono wa juu ukiwa ndani ya digrii 20 mbele au nyuma unapata 1, digrii 20 hadi 45 mbele unapata 2, na bega lililoinuliwa linaongeza 1. Shingo iliyoinama hadi digrii 10 inapata 1, 10 hadi 20 inapata 2, zaidi ya 20 inapata 3, na iliyorudishwa nyuma inapata 4. Jumla ya mwisho ni kati ya 1 na 7: 1 na 2 ni salama, 3 na 4 zichunguzwe zaidi, 5 na 6 zichunguzwe na kubadilishwa karibuni, 7 ibadilishwe mara moja.

Udhaifu wa RULA ofisini ni kwamba karibu kila mtu anaongezewa alama ya kukaa bila kujongea, kwa hiyo watu wengi hulundikana kwenye 3 na 4, na ripoti haisemi kipi kirekebishwe. Hapo ndipo ROSA (Rapid Office Strain Assessment, yaani tathmini ya haraka ya mkazo wa ofisini) inaposhinda. Ilitoka Kanada mwaka 2012, kazi ya Michael Sonne na wenzake, na ilitengenezwa mahususi kwa ofisi. Inapima kiti, kisha skrini na simu, kisha kipanya na kibodi, na kila kifaa kinaongezewa au kupunguziwa alama ya muda: zaidi ya saa 1 mfululizo au zaidi ya saa 4 kwa siku, ongeza 1; chini ya dakika 30 mfululizo au chini ya saa 1 kwa siku, punguza 1.

Mfano wa kipanya: kiko mbali, mkono umenyooshwa nje ya mstari wa bega, alama 2. Kuna mto wa kiganja mbele yake unaogandamiza kifundo, ongeza 1. Anakitumia zaidi ya saa 4 kwa siku, ongeza 1. Jumla 4, na kila alama inakuonyesha kitu cha kugusa. Skrini ya mtu huyohuyo: iko chini mno 2, shingo imegeuka zaidi ya digrii 30 ongeza 1, anasoma karatasi zilizolala mezani bila kishikio ongeza 1, muda ongeza 1, jumla 5. Alama hizo zinaingizwa kwenye majedwali hadi kupata moja ya mwisho, kati ya 1 na 10. Kuanzia 5 kwenda juu ndio wa kushughulikiwa kwanza.

Wapimaji wawe wawili. Watu 10 wa mwanzo kila mmoja awape alama peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama 1, rudini kwenye picha mkubaliane mnavyosoma pembe kabla ya kuendelea. Mkiruka hatua hii, tofauti kati ya kitengo kimoja na kingine inaweza kuwa tofauti kati ya macho yenu tu.

Sasa unapolinganisha alama na maumivu, kuwa mwangalifu. Mara nyingine mwenye kiti bora kabisa ndiye anayeumwa zaidi, na jedwali litaonekana kusema viti vizuri vinaumiza. Uliza alikipata lini. Utakuta alipewa baada ya kuumwa. Tathmini ya siku moja inaonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Haiwezi kusema kipi kilitangulia.

Kurekebisha bila kununua kwanza

Kompyuta mpakato ni kesi ya pekee, kwa sababu skrini na kibodi vimeshikana. Ukiiweka sawa kwa mikono, shingo inainama. Ukiinua kwa ajili ya shingo, mabega yanapanda. Kwa anayeitumia zaidi ya saa chache kwa siku hakuna njia nyingine: iinuliwe, na kibodi na kipanya vya kuchomeka viongezwe.

Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, mstari wa juu wa maandishi ukiwa kwenye usawa wa macho au chini yake kidogo. Isipokuwa kwa mvaaji wa miwani yenye sehemu ya kusomea kwa chini. Huyo ukimwinulia skrini unamdhuru, kwa kuwa anarudisha kichwa nyuma ili asome kupitia sehemu ya chini ya kioo, na unamkuta kwenye ile alama ya 4 ya shingo. Mshushie skrini mpaka kidevu kitulie. Dirisha liwe ubavuni mwa skrini. Likiwa nyuma ya mtu linang'aa kwenye kioo, naye atapinda mwili kuukwepa mng'ao bila hata kujua.

Kibodi ndefu yenye namba upande wa kulia inasukuma kipanya nje ya bega. Kwa asiyeingiza hesabu, kibodi fupi inamaliza tatizo. Au afundishwe kutumia mkono wa kushoto kwa kipanya, taratibu, saa moja kwa siku mwanzoni. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi vikunjwe, maana vinakunja vifundo kwa nyuma.

Muda nao upangwe kama kazi nyingine: kusimama au kujongea dakika moja au mbili kila nusu saa, na kazi za kuchapa zichanganywe na za kutembea. Tangazo la ukutani peke yake halisogezi mtu. Kinachosaidia ni mkuu wa kitengo kukubali kwamba anayesimama hajaacha kazi.

Na kuna watu ambao hawatakiwi kusubiri ripoti. Wenye udhaifu wa kushika vitu, nyama ya chini ya dole gumba inayosinyaa, au maumivu yanayozidi usiku pamoja na kupungua uzito, wamwone daktari wiki hiyohiyo. Maumivu ya kiuno pamoja na ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Rudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwa fomu ileile na wapimaji walewale. Swali la siku 7 ndilo litakaloonyesha mabadiliko, kwa sababu lile la miezi 12 bado limebeba maumivu ya kabla ya marekebisho. Na pale ambapo watu wanapokezana kiti kimoja kwa zamu, bandika kipande cha futi kwenye nguzo ya kiti, uandike namba ya kila mmoja wao kwenye ukingo wa meza. Anayeingia zamu anapandisha kiti hadi namba yake kabla hajawasha kompyuta.